Fungu Mnalolikimbia

Wajukuu zangu wa Tunduma, pamoja na wenzenu wa Vwawa, Mpemba na Itumba,

Nimeambiwa mmejiandikisha katika shindano la kusoma vitabu likizo hii ya Juni. Mmoja wenu kaniletea orodha kwenye simu, nikavaa miwani nikaisoma yote: kitabu chenye jalada la bluu, kitabu cha baharini, kitabu kilichotafsiriwa, kitabu kilichoandikwa na mwanamke, kitabu cha kutisha, kitabu cha kurasa zaidi ya 400, kitabu ambacho umekuwa ukikikwepa. Kila fungu kitabu kimoja, na atakayeyamaliza mafungu yote ndiye mshindi. Nimefurahi sana, wala sina la kuwakataza. Ila ninalo neno juu ya hayo mafungu.

Mchezo wenyewe si mgeni duniani. Uingereza, tangu mwaka 1999, maktaba za umma huwaalika watoto wasome vitabu sita katika likizo yao ndefu ya majira ya joto, na kila mwaka shindano hupewa mada yake. Sababu yake mwalimu yeyote anaijua: mtoto akikaa majuma mengi hajashika kitabu, hurudi darasani ulimi umekuwa mzito, na anayeumia zaidi ni yule ambaye kwao hakuna kitabu hata kimoja. Sisi Juni yetu si ya kwenda ufukweni. Ni mwezi wa makoti na vumbi, na kule Mbozi kahawa inachumwa. Wengi wenu asubuhi mtakuwa shambani, au dukani kwa mama, au kwenye foleni ya malori mnauza karanga na mayai ya kuchemsha. Asiwadanganye mtu kwamba nafasi ya kusoma wanayo watoto wa sebuleni peke yao. Hapa mpakani watu wanaongoja ni wengi kuliko wanaotembea. Anayengoja ana saa zake mkononi, na nyingi huishia kwenye simu na kwenye umbea.

Sasa hayo mafungu. Wapo watakaowaambia kwamba kusoma kwa orodha ni utoto, kwamba msomaji wa kweli husoma anachokipenda. Msiwasikilize sana. Msomaji akiachiwa mwenyewe hurudi palepale kila siku. Namjua kijana wa Sogea aliyesoma riwaya zote za Elvis Musiba alizoweza kuzitia mkononi, na *Kufa na Kupona* kaisoma mpaka jalada likang'oka. Simlaumu hata kidogo, Willy Gamba ni mtu wa kumfuata. Lakini muulize kama amewahi kufungua tamthilia, au wasifu wa mtu, au diwani ya mashairi. Atakwambia hizo ni za mtihani. Fungu linamsaidia kijana wa namna hiyo kwa sababu linamshika mkono na kumpeleka asikokwenda kwa hiari yake.

Ila si kila fungu lina kazi. Jalada la bluu halimfanyi mtu kitu. Utatafuta kitabu cha bluu, utakipata, utakisoma, na bluu yake haitakuuliza lolote. Fungu zuri huja na swali, na swali lenyewe liwe la kwenu, linalowanyima usingizi hapa Majengo au Chapwa, si la watu wa mbali wenye majira mengine. Hilo nimelijua kabla simu hazijazaliwa.

Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Kanda ya Ziwa tayari walikuwa wakijaribu kufundisha watu wazima kusoma kwa vitabu vilivyogawanywa kwa kazi zao: mkulima wa pamba alisoma juu ya pamba, mvuvi juu ya uvuvi, wa migomba juu ya migomba. Kisha mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya. Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la saba, kwa hiyo katika kikundi chetu nilipewa kazi ya kusoma kwa sauti. Kwa wiki 12 nchi nzima ilisoma mafungu mamoja: malaria, kichocho, minyoo, maji safi, kuhara, kifua kikuu. Watu wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi kama chetu. Tulisikiliza kipindi cha Redio Tanzania Dar es Salaam, tukasoma sura ya wiki hiyo katika kijitabu, tukabishana, halafu, na hapa ndipo nataka mkae kidogo, tukaamua la kufanya kabla ya wiki ijayo.

Tulibishana haswa! Wazee walikuwepo ambao hawakukubali kabisa kwamba mbu ndiye aletaye homa. Mmoja alisema homa huletwa na mahindi mabichi, maana huja wakati wa mahindi mabichi, na ukimfikiria vizuri hakuwa mjinga: mvua, mahindi na mbu huja msimu mmoja. Kijitabu kilibidi kimjibu mzee yule, na mimi msomaji nilirudishwa kwenye ukurasa uleule mara tatu ili kila mtu asikie kwa masikio yake. Sijapata kusoma kwa makini vile tena, hata chuoni. Halafu watu walichimba vyoo, wakafukia madimbwi, wakafyeka nyasi karibu na nyumba. Aliyesoma bila kuchimba alijulikana, kwa sababu choo hakifichiki.

Basi ninapoiona orodha yenu, natafuta choo chake kiko wapi. Mtu akimaliza fungu, kitabadilika nini, au atabishana na nani?

Kama mngeniuliza mimi, fungu la kwanza kwa Tunduma lingekuwa deni. Hamlioni kwenye orodha ya simu, lakini mnaliona kila siku. Ni mama gani sokoni hajaguswa na mikopo ya kausha damu? Ni mfanyabiashara gani hajapata kuweka kitu rehani akingoja mzigo uvuke? Chukueni *Mabepari wa Venisi*, tamthilia ya Shakespeare aliyoitafsiri Mwalimu Nyerere mwenyewe, akiwa Rais, ikatoka mwaka 1969. Mtu anamdhamini rafiki yake kwa mkopo akitegemea merikebu zake zitafika na mali. Merikebu zinachelewa. Siku ya kulipa inapita, na mkopeshaji anadai kilichoandikwa kwenye mkataba, nacho ni nyama ya mwili wa mdhamini. Wanafunzi wa mbali huambiwa hicho ni kisa cha ajabu cha zamani. Kijana aliyezaliwa karibu na Kastamu, ambaye baba yake amewahi kukaa siku kadhaa akingoja lori lililokwama, haoni ajabu yoyote, anaona jirani yake. Someni mjue mwanamke anayeingia mahakamani kavaa kama mwanasheria anaushindaje mkataba ule. Anaushinda kwa kuusoma vizuri kuliko aliyeuandika. Hapo nataka mtulie, kwa sababu akina mama wengi hutia dole gumba kwenye karatasi ambayo hakuna mtu nyumbani aliyeisoma mpaka mwisho, na nyinyi mnajua kusoma.

Mkimaliza hicho, wekeni *Peponi* pembeni yake. Ni riwaya ya Abdulrazak Gurnah wa Zanzibar, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2021. Aliiandika kwa Kiingereza, ikatoka mwaka 1994, na Ida Hadjivayanis akaitafsiri kwa Kiswahili, ikachapishwa mwaka 2022. Kijana Yusuf anaondoka nyumbani na tajiri anayemwita ami, akidhani anatembezwa, kumbe baba yake kashindwa kulipa na yeye ndiye rehani. Anakwenda na msafara wa biashara mpaka bara, na kitabu kinaonyesha jinsi bidhaa, rushwa, hofu na adabu za wafanyabiashara zilivyokuwa zikisafiri pamoja kabla ya mipaka hii tunayoijua kuchorwa. Fungu la kitabu kilichotafsiriwa mtakuwa mmelijaza hapohapo, tena mara mbili, lakini hilo ni la ziada.

Fungu la pili lingekuwa kazi. *Kuli* ya Adam Shafi, ya mwaka 1979, inamfuata Rashidi, mbeba mizigo wa bandari ya Zanzibar, mpaka kwenye mgomo wa mwaka 1948. Wapo kati yenu ambao kaka zao wanapakua magunia hapa mpakani kwa malipo ya siku. Msiisome peke yenu. Msomeeni kaka huyo sura moja jioni, hata kama yeye aliacha shule mapema, kisha mnyamaze mumsikilize. Atawaambia ni wapi mwandishi kapatia na ni wapi kadanganya, na hakuna mwalimu wa fasihi atakayewapa uchambuzi wa namna hiyo.

Upelelezi mtausoma bila kusukumwa, kwa hiyo sitapoteza wino. Angalau anzeni na babu wa wapelelezi wetu, Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, katika *Mzimu wa Watu wa Kale* ya mwaka 1960, ndipo mrudi kwa Willy Gamba wenu.

Tamthilia nazo zina faida moja kubwa mahali penye uhaba wa vitabu. Nakala mbili zinatosha watu wanane. *Kinjeketile* ya Ebrahim Hussein, iliyotoka mwaka 1969 na inayohusu Vita vya Maji Maji, haikuandikwa isomwe kimyakimya kitandani. Gawaneni sehemu, someni kwa sauti, mwenye sauti nene awe Kinjeketile, na mwenye haya apewe sehemu ya watu wengi.

Sasa nifike kwenye fungu nililolitaja kwenye kichwa cha waraka huu. Katika orodha yoyote lipo fungu ambalo jicho lako linaliruka. Huliruki kwa sababu ni gumu, mara nyingi hata hujajaribu. Unaliruka kwa sababu umeshajiamulia wewe si mtu wa vitabu hivyo. Anza na hilo, siku ya kwanza ya likizo, kabla nguvu hazijaisha. Nimewaona vijana wa kiume wakilibakiza fungu la mwanamke mwishoni, halafu wanatafuta kijitabu chembamba kuliko vyote ili waweke alama ya vema. Kama ni hivyo, chukua *Nguzo Mama* ya Penina Muhando ya mwaka 1982. Nayo ni nyembamba, utapenda, lakini wale wanawake wa kijijini wanaohangaika kuisimamisha nguzo yao utakutana nao tena kwenye vikao vya vikoba vya mama yako, na hutamsikiliza mama kama ulivyokuwa ukimsikiliza. Wasichana nao wanakimbia sayansi. Mnaishi mkoa ambao kule Ndolezi, Mbozi, kimelala kimondo cha chuma chenye urefu wa mita 3 hivi, miongoni mwa vikubwa duniani, na wengi wenu mmekwenda pale kupiga picha tu. Kabla ya kupiga nyingine, soma sura moja ya kitabu cha fizikia au jiografia inayoeleza mawe ya namna ile yanatoka wapi, na kwa nini chuma kile kina nikeli ndani yake.

Na kitabu kilichokatazwa? Naona orodha yenu haina fungu hilo, labda kwa kuogopa wazazi. Mimi nitaliweka. *Rosa Mistika* ya Euphrase Kezilahabi ilitoka mwaka 1971, ikapigwa marufuku shuleni kwa muda, na baadaye ikaja kufundishwa. Kina mambo mazito ya baba mkali, ya binti asiyefundishwa kujilinda, ya walimu wanaotumia madaraka vibaya. Wa kidato cha tatu na kuendelea wakisome, na wakisome na mtu mzima wa kumuuliza. Asiyekuwa na wa kumuuliza aje kwangu. Kukificha kitabu kile hakukumlinda binti yeyote.

Mtaniuliza vitabu vitatoka wapi. Ni swali la haki. Maduka yetu ya vifaa vya shule yanauza zaidi vya mtaala, na Maktaba ya Mkoa ya Mbeya iko kiasi cha kilomita 100 kutoka hapa. Lakini kila wiki kuna mtu wa kwenu anayekwenda Mbeya au Dar es Salaam, na kila nyumba ina mwanafunzi wa zamani aliyeacha vitabu vya fasihi kwenye sanduku chini ya kitanda: *Watoto wa Mama N'tilie*, *Joka la Mdimu*, *Wasakatonge*. Piteni nyumba kwa nyumba, mtashangaa. Changeni pesa watu watano mnunue kimoja kipya, kizunguke. Zile nakala zinazorushwa bure kwenye magrupu ya WhatsApp, za vitabu ambavyo bado vinauzwa, achaneni nazo. Mwandishi wa Kiswahili anakula kwa shida kama muuza karanga, na hakuna kati yenu ambaye angependa karanga zake zichotwe na kila mpita njia kwa sababu tu ziko wazi kwenye sinia.

Neno juu ya kuhesabu. Wengine mtataka kushinda kwa wingi, na mtasoma muhtasari, au mtaruka kurasa, au mtajaza orodha kwa vitabu mlivyosoma kidato cha pili. Siwezi kuwakamata, na sitaki. Nitakachofanya ni kuuliza swali moja tu kwa kila kitabu: ni nani humo ndani ungependa kumpinga, na ungemwambia nini? Aliyesoma muhtasari hana jibu la swali hilo. Kwa upande mwingine, kitabu kikikushinda kabisa baada ya kukipa nafasi ya haki, kiache bila aibu, uandike kwenye daftari kwa nini umekiacha. Sababu nzuri ya kukiacha kitabu naihesabu kama kitabu kizima. Waandaaji wa shindano huenda wasikubaliane nami, lakini wao wako mbali.

Lipo fungu moja zaidi ambalo orodha hiyo haikuweza kuwa nalo: kitabu kinachotokea hapa. Kitafuteni, kiwe Momba, Ileje au bonde la Songwe. Mtahangaika. Si kwamba hapa hapajatokea kitu. Mwanahistoria Marcia Wright alitoa kitabu kwa Kiingereza mwaka 1993 chenye masimulizi ya maisha ya wanawake waliotekwa na kuuzwa katika ukanda huu wetu, kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Nyasa, mwishoni mwa karne ya 19. Mmoja wao ni bibi aitwaye Narwimba. Tunalijua jina lake leo kwa sababu mmisionari mmoja, Elise Kootz-Kretschmer, alikaa na wanawake wa namna hiyo akaandika walichomwambia. Mwanamke aliyetekwa, akahamishwa kutoka mkono hadi mkono, hakuwa na karatasi wala kalamu. Alikuwa na kumbukumbu, na akapata mtu wa kuuliza.

Wala msidhani kazi ya namna hiyo lazima ilipwe haraka. Aniceti Kitereza wa kisiwa cha Ukerewe alimaliza riwaya yake ya *Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka* mwaka 1945, kwa Kikerewe, ili desturi za watu wake zisipotee. Hakupata wa kuichapisha. Akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na ikatoka mwaka 1980. Mwaka uliofuata akafariki. Miaka 35 alingoja, na leo anayetaka kujua watu wa Ukerewe walivyooa, walivyougua na walivyogombana anakwenda kwake.

Kwa hiyo fungu hilo la mwisho mtalijaza wenyewe. Kila mmoja anunue kaunta buku moja. Kuna bibi zenu wa Kinyiha, Kindali na Kinyamwanga, wengine wana ndugu pande zote mbili, huku na Nakonde ng'ambo ya mpaka, na walikuwa wakivuka kwenda msibani kabla hakujawa na geti wala kituo cha pamoja cha mpakani kilichofunguliwa mwaka 2019. Kuna wazee walioiona reli ya TAZARA ikijengwa na Wachina kati ya 1970 na 1975, na waliobeba kokoto zake. Waulizeni. Andikeni kwa maneno yao, na pale wanapotumia neno la kilugha ambalo hamlijui, liandikeni vilevile, kisha muulize maana yake. Msiwasahihishe tarehe mbele yao, mtawanyamazisha. Mtu mzima akisema "mwaka wa njaa ile," andika hivyo hivyo. Mwaka wenyewe utautafuta baadaye.

Sanduku langu la vitabu liko wazi kuanzia Jumatatu ya kwanza ya likizo, saa kumi jioni, nikishatoka shambani. *Kuli* nimeshamwahidi yule kijana wa Sogea, kwa sharti kwamba Musiba apumzike kwanza. *Kinjeketile* ninazo nakala mbili, kwa hiyo njooni kundi. *Mabepari* imepoteza kurasa za mwanzo, nimezinakili kwa mkono na kuzibandika, msizibandue. Atakayechukua *Peponi* aseme atairudisha lini na kwa mkono wa nani, kwa sababu ni moja tu na tayari watatu wameiulizia. Wa Itumba wasihangaike na nauli: yupo mtu wa kwetu anayepanda huko kila Alhamisi, nitamtuma navyo.